Kufufua tamthilia ya kisayansi ya zamani kuwa filamu

Anza na haki za kutumia kazi hiyo, hadithi baadaye. Star Trek, tamthilia ya safari za angani, ilirushwa na kituo cha runinga cha Marekani, NBC, kuanzia 1966 hadi 1969, vipindi 79. Lakini studio ya Paramount ilipotoa filamu yake ya 2009, haki za runinga zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, CBS. Bila leseni iliyoandikwa, muswada wako ni karatasi tu.

Kisha amua utayafanyaje matukio ya zamani. Ukiyafuta yote, mashabiki watakususia. Ukiyabeba yote, mgeni atapotea mapema. Filamu ile ilipita katikati: meli ya angani kutoka wakati ujao inarudi nyuma, inaishambulia meli aliyomo baba yake Kirk, mhusika mkuu, na kuanzia hapo mambo yanashika mkondo mwingine. Ya zamani yakabaki halali, na Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock kwenye tamthilia ya awali, akarudi kama Spock mzee.

Muswada uwe kurasa 110 hadi 120; ukurasa ni takriban dakika moja. Kosa la kawaida ni kuunga vipindi viwili: kilele kinakuja mara mbili, katikati panalegea. Chagua tatizo moja linalombana mhusika mkuu. Rangi za sare na umbo la meli usiviguse sana. Ndani ya meli, badilisha utakavyo.