Kiatu kimoja cha lami na njia za vumbi: jinsi ya kukichagua hatua kwa hatua

Wengi tunaokimbia Arusha hatuna njia ya aina moja. Unatoka nyumbani Sakina au Kijenge, unakula lami kilomita mbili tatu, unakata kulia kupanda Ilboru au Sekei kwenye vijia vya migomba na kahawa, unavuka korongo, halafu unarudi na lami ileile. Moshi ni hivyohivyo: lami ya mjini, kisha msitu wa Rau. Kiatu cha lami kitakutelezesha huko juu mvua ikinyesha, na kiatu cha mlimani kitaisha meno ya soli mapema kwa sababu ya lami ya kwenda na kurudi. Kununua jozi mbili ni mzigo kwa watu wengi, na hata mwenye nazo hawezi kubadilisha viatu katikati ya mazoezi.

Ninafundisha wakimbiaji wa kawaida, watu wenye kazi na familia, na swali la kiatu ndilo linalonijia mara nyingi kuliko yote. Msimamo wangu ni huu: anza na njia yako, fuata mguu wako, kiatu kije cha tatu. Rangi na jina la kampuni ni mambo ya mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Ijue njia yako kabla ya kwenda dukani

Kwa wiki moja, kila ukirudi kukimbia andika umepita wapi na kwa umbali gani: lami, moramu iliyoshindiliwa, njia ya mawe na mizizi, tope. Simu inatosha kwa kazi hiyo.

Moramu ngumu ihesabu pamoja na lami. Ina vumbi na inaonekana ya shamba, lakini kwa kiatu ni sakafu ngumu iliyo bapa. Hapa ndipo watu wengi hugundua kwamba "njia zao za porini" ni robo tu ya mazoezi yao.

Ikiwa robo tatu au zaidi ni lami na moramu, nunua kiatu cha kawaida cha lami chenye mikato ya kutosha kwenye soli, na uache kulipia meno usiyoyahitaji. Ikiwa robo tatu ni mawe, mizizi na miteremko mikali, nunua kiatu cha mlimani na uvumilie lami. Walio katikati ndio ninaowaandikia hasa, na ndio wengi.

Angalia pia kalenda. Viatu vingi vya kukimbilia hudumu kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 30 kwa wiki atamaliza 600 katika wiki 20, yaani kama miezi mitano. Kwa hiyo kiatu unachonunua Februari utakivaa masika nzima, kuanzia Machi hadi Mei, na unachonunua Juni kitakula vumbi tupu. Nunua kwa ajili ya miezi inayokuja.

Hatua ya 2: Pima mguu jioni

Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na huvimba zaidi ukikimbia. Pima jioni, ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, kisha mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa baadhi ya watu kirefu ni cha pili, si kidole gumba. Pima miguu yote miwili kwa sentimita na ufuate ulio mrefu.

Sasa achana na "navaa 42". Namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Geuza ulimi wa kiatu, utaona lebo yenye namba za Marekani, Uingereza na Ulaya, na mara nyingi ya sentimita, iliyoandikwa CM au JP. Hiyo ya sentimita ndiyo ya kuanzia. Mguu wa sentimita 26 anza kujaribu kilichoandikwa 26.5 au 27. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kama sentimita moja hadi moja na nusu, maana ukiteremka kutoka Sekei mguu unasukumwa mbele kila hatua. Kucha zinazogeuka nyeusi chanzo chake kikubwa ni hiki.

Upana nao una haki yake. Waliokua wakitembea pekupeku au na kandambili mara nyingi vidole vyao vimetanuka vizuri, na kiatu chembamba mbele kitawachuna. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake. Kidole kikimwagika nje ya ukingo wake, kiatu hicho si chako hata kama ni kizuri namna gani.

Hatua ya 3: Soma soli

Pindua kiatu. Meno ya soli ndiyo yanayoamua kiatu kitaishi wapi, na urefu wake unapimika. Kijiti cha kiberiti kina unene wa karibu milimita 2. Vilaze viwili, kimoja juu ya kingine, pembeni ya jino: vikilingana na urefu wake, una takriban milimita 4.

Kwa njia za mchanganyiko tafuta milimita 3 hadi 4. Ya milimita 5 hadi 8 ni ya tope zito. Kwenye lami meno hayo yanapinda chini ya mguu, unahisi kiatu kinayumba, na ncha zake zinalika haraka. Salomon Speedcross ni mfano unaoonekana sana mtaani: hodari kwenye utelezi, lakini hakikutengenezwa kwa kilomita nyingi za lami.

Urefu peke yake hautoshi, tazama na mpangilio. Katikati ya soli meno yawe mapana, bapa na ya karibukaribu, ili yaguse lami kwa eneo kubwa. Pembeni na kwenye ncha yaweza kuachana zaidi, huko ndiko yanakong'ata udongo. Meno machache yaliyotawanyika hushika vibaya kwenye saruji iliyolowa na kwenye rangi nyeupe za vivuko vya barabarani, na hapo ni rahisi kuanguka.

Bonyeza mpira kwa ukucha. Laini sana utashika vizuri jiwe lililolowa lakini lami itausaga. Mgumu sana utadumu, ila mawe ya korongoni yatakurusha. Kwa matumizi yetu chagua wa kati, na ukishindwa kuamua, egemea ugumu kidogo kwa sababu lami ndiyo unayoikanyaga kila siku.

Hatua ya 4: Sponji na kimo

Sponji ni ile sehemu nene kati ya soli na mguu. Lami inataka sponji ya kutosha. Mawe yanataka uwe karibu na ardhi ili kifundo kisipinduke. Kiatu chenye kimo kirefu na kitako chembamba ni hatari kwenye njia yenye mizizi. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: sehemu inayogusa meza iwe pana kuliko ile inayoshika kisigino.

Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukisokote. Kisipojisokota hata kidogo hakitafuata ardhi isiyo sawa, na kikijisokota kama kitambaa mguu utachoka kukisimamia. Baadhi ya viatu vya mlimani vina bamba jembamba ndani, chini ya vidole, la kuzuia mawe makali. Kwa mchanganyiko si la lazima.

Kuna pia tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole, ambayo wauzaji huita dropu. Viatu vingi vya lami vina milimita 8 hadi 10, vya mlimani mara nyingi 4 hadi 8, na kuna kampuni zinazouza vya sifuri. Ushauri wangu ni kubaki karibu na uliyoizoea. Kutoka 10 hadi 0 kwa wiki moja ni kuupakia mzigo mshipa wa nyuma ya kisigino na misuli ya kigimbi, na majeraha ya huko huchukua miezi kupona.

Hatua ya 5: Sehemu ya juu

Vumbi la mteremko wa Meru ni laini mno, linatokana na majivu ya volkano, na kitambaa cha wavu chenye matundu makubwa huliingiza lote. Likichanganyika na jasho linasugua ngozi hadi malengelenge. Chagua wavu uliofumwa kwa karibu, wenye mpira kidogo mbele ya vidole.

Kile chenye utando wa Gore-Tex wauzaji watakusifia kwamba hakipitishi maji. Ni kweli kwa umande na manyunyu. Lakini ukikanyaga maji yanayofika kwenye kifundo, yataingia kwa juu na hayatatoka, utakimbia na ndoo mbili. Masika yetu hutaka kiatu kinachoingiza maji na kuyatoa.

Hatua ya 6: Sokoni

Dukani, majina yaliyokusudiwa hasa mchanganyiko huu ni kama Hoka Challenger, Nike Pegasus Trail na Brooks Divide. Yatumie kama kipimo cha macho, siyo amri.

Wengi wetu, hata hivyo, tunanunua mtumba: Kilombero hapa Arusha, Memorial kule Moshi, Karume Dar es Salaam, Gikomba na Toi kwa walio Nairobi. Sioni aibu yoyote kuwaelekeza watu huko. Kiatu kizuri kilichovaliwa kidogo kinashinda kipya cha feki kila mara. Kinachotakiwa ni kukagua bila haraka, na muuzaji akikuharakisha, rudisha kiatu mahali pake.

Anza na meza. Weka jozi juu ya kitu kilicho bapa, chuchumaa macho yawe usawa wa visigino. Kiatu kikiinamia ndani au nje, mwenyewe wa kwanza ameacha mwendo wake humo, na sponji haitanyooka tena. Wengi hukagua soli tu. Soli inaweza kuwa safi kabisa na sponji ikawa imekufa.

Tazama ubavu wa sponji. Mikunjo myembamba ya mlalo iliyokaa hata kiatu kikiwa hakijavaliwa ni dalili kwamba imeshagandamizwa. Ingiza kidole gumba ndani, bonyeza chini ya kisigino, kisha chini ya vidole. Inapaswa kuingia na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, imezeeka. Kuna sponji nyingine, za poliyurethani, ambazo zikikaa miaka ghalani huvunjikavunjika kama mkate mkavu siku ya kwanza ya kukimbia, ingawa kwa nje kiatu kinang'aa. Bonyeza ubavuni kwa nguvu na usikilize: ukisikia mlio wa kupasuka au ukaona unga, acha.

Jaribu kutenganisha soli na sponji kwa ukucha pale mbele, kiatu kinapokunjika. Harufu kali ya gundi na mstari wa gundi uliochafuka vina maana fundi amepita. Kubandika soli si dhambi kwa kiatu cha kutembelea, ila kwa kukimbilia kwenye mawe huachia mapema. Rangi nyeupe iliyopakwa juu ya sponji nayo inaficha jambo: ikwangue kidogo.

Malizia kwa lebo ya ndani. Ina namba ya mtindo, na ukiiandika kwenye intaneti picha itakayotokea iwe ya kiatu hichohicho, kwa rangi hiyohiyo. Ikija picha ya kiatu kingine, ni feki. Kampuni nyingine huchapa hapo na tarehe ya kutengenezwa, na kiatu cha zaidi ya miaka sita saba mimi sikinunui hata kiwe kipya.

Kisha vaa vyote viwili, ufunge kamba, na uombe kushuka ngazi au mteremko. Vidole visigonge mbele, kisigino kisipande. Tafuta kokoto, ikanyage kwa sehemu ya mbele: uihisi, isikuume. Ndipo mpatane bei.

Hatua ya 7: Kamba na wiki mbili za kwanza

Tundu la juu kabisa la kamba, lile watu wanaloliacha wazi, lina kazi. Pitisha kamba kutoka tundu la chini yake kwenda humo upande uleule, iache ifanye kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa kila ncha ipite ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, kisha funga kama kawaida. Kisigino kitatulia na vidole havitasukumwa mbele kwenye mteremko.

Kivae nyumbani siku mbili tatu. Kisha kimbia lami fupi, halafu moramu, na mawe yawe ya mwisho. Usianze nacho kwenye mashindano.

Kikilowa tope, kisuguliwe kwa brashi na maji baridi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, kikaukie kivulini. Jua kali na jiko la mkaa huharibu gundi na kukausha sponji. Meno ya katikati yakifikia usawa wa kijiti kimoja cha kiberiti, kihamishie kwenye lami tupu. Magoti au nyayo zikianza kuuma bila sababu nyingine, rudia jaribio la meza, na kikiinama kitumie kwendea dukani.