Mashine ya nakala ndiyo ivute
Ukipanga nakala rudufu za kila usiku kwa rsync (programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta) kupitia SSH (njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kwa mtandao), acha kompyuta ya kuhifadhia ndiyo iingie kwenye nyingine na kuvuta mafaili. Wengi hufanya kinyume: kila kompyuta inashika ufunguo wa SSH wa kuandika kwenye hifadhi, hivyo kirusi kikipenya moja tu kinafagia na nakala zenyewe. Ufunguo ambao mashine ya nakala inautumia kuvuta, ufunge kwenye kila kompyuta inayovutwa, ndani ya authorized_keys (faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia), kwa rrsync -ro (skripti ya kuubana ufunguo kwa rsync pekee), usome tu, usiandike. Folda ya pamoja ya Samba (programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao) nayo si nakala. Faili likifutwa humo limefutwa kwa wote. Na --delete, chaguo la rsync linalofuta kwenye nakala kilichofutwa kwenye chanzo, iogope kama hutunzi matoleo ya siku zilizopita. Kila mwezi rudisha faili moja, ulifungue kweli, usiangalie jina tu.