Jifunze Kuusoma Mwanga Kabla ya Kununua Lenzi Nyingine

Anayeanza kupiga picha huamini upesi kwamba picha zake hazipendezi kwa sababu kamera yake ni duni, ilhali mara nyingi kilichoziharibu ni mwanga ambao hakuutazama kabla ya kubonyeza. Kwa hiyo anza na kamera uliyo nayo, hata ikiwa ni ya simu. Mketishe mtu karibu na dirisha, umpige picha akiwa amelielekea, kisha akiwa amelipa ubavu, kisha akiwa amelipa mgongo, na urudie zoezi hilo asubuhi, adhuhuri na jioni. Zitazame picha zote kwa pamoja, uone vivuli vinavyouchonga uso mmoja kwa namna nyingi. Zoezi hili naliona bora kuliko yote, na halihitaji kununua chochote.

Baada ya hapo, ikiwa kamera yako inaruhusu, acha kuitegemea ijiamulie yenyewe, ujifunze mambo matatu yanayotawala mwanga: tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi) na ISO (kiwango cha kamera kuuhisi mwanga). Tundu huwachanganya wengi kwa sababu namba yake, inayoandikwa kama f/2 au f/4, inapokuwa kubwa, tundu huwa dogo. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (ule wa milimita unaoandikwa kwenye lenzi) kwa kipenyo cha tundu, hivyo lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2 huwa na tundu la milimita 25, na ikiwekwa f/4 hubaki na milimita 12.5. Kila hatua kutoka f/4 kwenda f/5.6, kisha f/8, hupunguza mwanga kwa nusu, kama ambavyo shata ikitoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/250 huupunguza kwa nusu. ISO ni rahisi zaidi: ukiiongeza maradufu picha hung'aa maradufu, lakini ikizidi sana picha huingia chengachenga.

Ili uyashike haya kwa vitendo, piga picha ya kitu kimoja ukitumia f/8 na 1/125, halafu uipige tena kwa f/4 na 1/500 bila kugusa ISO. Mng'ao utakuwa uleule, ila katika picha ya pili mandhari ya nyuma yatakuwa na ukungu zaidi, na kitu kinachotembea kitatulia zaidi. Rudia mpaka uweze kukisia matokeo kabla ya kuyaona.

Jihadhari pia na kipimo cha mwanga cha kamera, ambacho kwa kawaida huichukulia mandhari kuwa na mng'ao wa kijivu cha wastani. Ndiyo maana nguo nyeupe iliyojaza picha hutoka imefifia, na nyeusi hutoka imepauka. Ongeza mwanga kwa nyeupe, upunguze kwa nyeusi.

Nunua kifaa kipya pale tu unapoweza kutaja kwa usahihi kasoro ambayo kitaiondoa. Ikiwa unapiga picha ndani ya nyumba, tundu la lenzi yako haliwezi kufunguka kuzidi f/3.5, shata umeipunguza hadi mikono inatikisa picha, na ISO umeipandisha hadi chenga zimekushinda, basi lenzi ya f/1.8 itakupa mwanga wa karibu mara nne.