Kupima ishara za LFA-1 kwenye seli T bila PMA

Seli T (seli ya kinga) inapoelea kwenye damu, LFA-1 yake, protini ya kushikia iliyo juu ya seli, huwa imejikunja na haishiki kitu. Talini na kindlini-3, protini za ndani ya seli, zikiikamata mkia kutoka ndani, LFA-1 hunyooka na kushika ICAM-1, protini iliyo kwenye ukuta wa mshipa. Hapo ishara hurudi ndani ya seli mpaka ERK, kimeng'enya cha kupeleka ishara, ifungwe fosfeti. Tunachopima ni hiyo ishara ya kurudi peke yake, kwa hiyo PMA, kemikali ya kuamsha seli, haifai kabisa hapa: huwasha ERK hata kama seli haijashika chochote. Ifungue LFA-1 kutoka nje, kwa magnesiamu.

Chukua damu ya mtu aliyeridhia kwa maandishi, kwenye chupa ya kifuniko cha kijani yenye heparini. Ya zambarau ina EDTA. Mabaki yake hunyakua magnesiamu na kushika kwenyewe hukwama. Mwaga damu taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, zungusha 400 g kwa dakika 30, bila breki. Bagamoyo mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30, na limfosaiti (seli nyeupe, seli T zikiwemo) utakazovuna hupungua. Ficoll na damu viwe nyuzi 18 hadi 20.

Tenga seli T kwa sumaku, ukiondoa seli nyingine zote. Usizivute kwa kingamwili ya CD3 (protini ya juu ya seli T), maana hiyo nayo huwasha ERK. Zipumzishe saa 2 bila seramu.

Usiku uliotangulia paka visima vya sahani ya maabara ICAM-1, mikrogramu 5 kwa mililita, kwenye nyuzi 4. Asubuhi ziba kwa BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 1. Weka seli milioni 2 kwa kisima kwenye bafa ya HEPES yenye glukosi, isiyo na kalsiamu, pamoja na magnesiamu kloridi milimola 5 na EGTA, inayonyakua kalsiamu, milimola 1. Nyuzi 37, simamisha mmenyuko dakika ya 0, 5, 15 na 30. Visima vya kulinganishia ni viwili: chenye BSA tupu, na chenye ICAM-1 pamoja na kingamwili TS1/22 inayoziba LFA-1.

Wengi huharibu kazi wakati wa kusimamisha. Wanaosha kisima kwanza, seli za kisima cha BSA, ambazo hazijashika, zinamwagwa, kisha wanashangaa kukuta ERK haipo. Usioshe. Mimina bafa ya kuvunjia seli iliyokolezwa mara 5, yenye vanadeti na sodiamu floridi za kuzuia fosfatezi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti), moja kwa moja kwenye kila kisima kilicho juu ya barafu. Bafa ikipata joto, fosfatezi hufuta ishara ndani ya dakika chache.

Umeme ukikatika kabla ya dakika ya 30, tupa mfululizo wote uanze upya: joto likishuka, kushika hulegea.