Kupitisha Haisi ukaguzi na kupata leseni ya LATRA hapa Dodoma: malizeni moshi kwanza

Kama una Haisi au Noah unataka iingie barabarani kubeba abiria hapa Dodoma, mtiririko ni huu: kadi ya gari isome jina lako, namba iwe nyeupe, bima ya biashara, ukaguzi polisi, halafu LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mtandaoni. Mengi hapo mnayajua. Mi nataka niongelee ukaguzi, na kwenye ukaguzi niongelee moshi, maana moshi ndio ulinirudisha nyumbani mara mbili na ukanilia laki nne na thelathini.

Ya mwanzo kwa haraka. Kama gari umenunua kwa mtu, maliza kubadili umiliki TRA kabla hujagusa kitu kingine, jina likitofautiana na TIN, yaani namba yako ya mlipa kodi, utakwama mbele. Bima ukikata hakikisha imeandikwa gari la abiria na idadi ya siti iko sawa na kadi, usikate ya gari binafsi kwa sababu ni nafuu, siku ya ajali ndio utajua umenunua karatasi.

Ukaguzi sasa. Taa zote, indiketa, honi, waipa, mikanda, tairi zisiwe vipara, breki ya mkono ishike, mtungi wa kuzimia moto usiwe umeisha muda, pembetatu mbili. Hivi vinarekebishika ndani ya siku moja. Halafu mkaguzi akakwambia washa, piga resi. Yangu ni dizeli, injini ya 5L, nilipokanyaga likatoka wingu jeusi mpaka waliokuwa nyuma wakasogea. Nikaambiwa karekebishe urudi, na alikuwa na haki kabisa, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea na abiria.

Nikaenda gereji moja, fundi hata hakufungua boneti vizuri akasema nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimekufa. Nozo nne 280,000. Nikarudi, moshi ule ule. Akasema basi ni pampu, kuipima na kuirekebisha 150,000. Moshi ukapungua kidogo tu, nikarudishwa tena. Fundi wa pili, kijana tu, kitu cha kwanza alifungua boksi la ea klina, kile kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini, akaitoa, akaigonga chini, likamwagika vumbi kama unga wa ugali. Tangu ninunue lile gari sikuwahi kuiangalia na njia yangu ni ya vumbi kila siku. Mpya 25,000, moshi ukaisha.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu yeyote hela, jifunze kusoma moshi mwenyewe. Mweusi maana yake dizeli haiungui yote, ama hewa ni ndogo ama mafuta ni mengi au nozo inamwaga badala ya kupuliza, anza na hewa maana ndio rahisi. Toa ea klina gari likiwa limesimama, piga resi mara moja, moshi ukipungua umeshapata jibu, ila usithubutu kutembea bila ea klina kwa vumbi letu hili, utaua ringi za pistoni. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hapo jiandae na ringi au sili za valvu. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua, angalia hedi gasketi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini.

Pia usipeleke gari likiwa la baridi. Dizeli iliyoshinda stendi inasaileti, yaani injini inawaka bila gari kutembea, inajaza masizi kwenye ekzosi, ukipiga resi yanatoka yote kwa mpigo. Mi siku niliyopita nilitoka Ihumwa nikaja moja kwa moja, injini imepata moto vizuri.

Mimi nilikaguliwa kwa macho, lakini nchi zinazotumia mashine utaratibu ni ule ule wa kupiga resi, wanaingiza mrija kwenye bomba, unakanyaga mafuta mpaka mwisho mara kadhaa na mashine inapima moshi unaziba mwanga kiasi gani. Uingereza kwa dizeli za zamani kikomo kwa kipimo hicho ni 2.5 kwa mita kama haina tabo (inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na 3.0 kama inayo. Mafuta yenyewe siku hizi sio kisingizio, kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni salfa isiyozidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo ukiona jeusi tatizo liko kwenye gari lako.

Wenye Noah za petroli moshi wenu hauonekani ila usidhani haupo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Taa ya cheki injini ikiwaka pima, mara nyingi ni plagi, koili au oksijeni sensa. Na tafadhali msiuze masega, kile kisafishio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Yananunuliwa kwa sababu ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini hayo ndiyo yanayosafisha ile gesi, ukiyatoa unaimwaga kama ilivyo kwa watoto wanaosubiri gari Sabasaba na Jamatini. Dizeli nayo Shirika la Utafiti wa Saratani la WHO liliuweka moshi wake mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Konda wangu anasimama mlangoni siku nzima, niliposoma hilo nilijisikia vibaya sana kwa miezi yote niliyoliacha lile gari vile.

Ukishapita, ripoti ya ukaguzi iskani isomeke vizuri mpaka muhuri, picha ya simu yenye kivuli itakurudisha nyuma. Ingia mfumo wa LATRA, jaza taarifa za gari, pandisha kadi, bima na ripoti, chagua njia unayoomba, subiri kontrol namba, yaani namba ya kulipia. Lipia kwa simu na usifute ile meseji ya malipo. Leseni ikitoka printi mbili, moja ikae kwenye gari, nyingine nyumbani, na ea klina ipulize kila wiki kama unakwenda njia za vumbi, upepo utoke ndani kwenda nje.