Kusoma alama za kinga kwenye pakiti ya mbegu za nyanya

Kabla ya kulipia mbegu, geuza pakiti utafute herufi. Fol ni mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Tarakimu zinazofuata hutaja makundi ya kuvu ambayo mmea unayamudu, hivyo Fol:0 haitoshi kwenye shamba lenye kundi la 1. TYLCV ni virusi vya kukunjamana majani. HR ni kinga ya juu, IR ya wastani: ukiona IR, endelea kudhibiti nzi weupe wanaoeneza virusi hivyo, hasa kitaluni.

Ma, Mi na Mj ni minyoo fundo, yaani minyoo ya udongoni inayoleta vifundo mizizini, na hapa ndipo wakulima wengi huumia. Kinga hii hutokana na jeni Mi-1, iliyotolewa kwenye nyanya pori ya Amerika Kusini. Mnyoo akianza kula, seli za mzizi zilizomzunguka hufa upesi naye hukosa chakula. Lakini joto la udongo likizidi nyuzi 28 za Selsiasi, jeni hiyo hulegea. Ili udongo usipate joto, tandaza nyasi kavu sentimita 5 hadi 8, na epuka kupanda miezi ya joto kali.

Baada ya mavuno, chimbua mimea kadhaa. Ukikuta vifundo mizizini ilhali udongo haukupata joto, huenda ni Meloidogyne hapla, mnyoo fundo wa nyanda za baridi, ambaye Mi-1 haimzuii.