Pikapu ya dizeli ya zamani inagoma kuwaka asubuhi: saka upepo kabla ya kushusha pampu

Mwongozo huu unahusu pikapu zenye injini ya dizeli isiyo na kompyuta, ambayo pampu yake huvuta dizeli yenyewe kutoka tangini: 2L, 3L na 5L za Toyota, TD27 ya Nissan, 4JA1 ya Isuzu na nyingine za ukoo huo. Jana gari lilizimwa likiwa zima, leo asubuhi staata inazunguka weee, injini haishiki. Mara nyingi pampu ndiyo inayosingiziwa, kumbe tatizo linaweza kuwa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Inashushwa, inapelekwa kupimwa, inarudishwa, na ugonjwa uko palepale. Hicho ni kifaa ghali kuliko vyote kwenye njia ya dizeli, kwa hiyo kiwe cha mwisho kuguswa.

Andaa multimita, spana namba 10, 12, 14 na 17, nusu mita ya paipu laini ya plastiki inayoonyesha ndani (kipenyo cha ndani milimita 8), klipu zake, chupa safi ya lita 2 na washa mpya za shaba (pete bapa za kuzibia maungio).

Hatua ya 1: Tazama ekzosi

Mmoja apige staata, mwingine asimame nyuma ya gari. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, dizeli inafika kwenye silinda lakini haichomeki: fuata hatua ya 2 na ya 3. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki: ruka hadi hatua ya 4.

Usipige staata zaidi ya sekunde 15 mfululizo, na kila mara ipumzishe dakika moja. Dawa ya kupuliza ya kuwashia iache dukani. Kwenye injini yenye hita plagi (plagi za umeme zinazopasha joto silinda kabla ya kuwaka) inaweza kulipuka ndani ya njia ya hewa kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni au ringi.

Hatua ya 2: Nguvu ya staata

Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Staata ikizunguka kivivu, hewa hupata muda wa kuvuja kwenye ringi, na joto huishia kwenye kuta za silinda. Betri iliyolala usiku kucha isome karibu volti 12.6, na wakati wa kupiga staata isishuke chini ya 9.6. Ili injini isije ikawaka katikati ya kipimo, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata dizeli) iliyo juu ya pampu.

Betri ikiwa nzima na staata bado ni mvivu, gusa ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha upige staata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya wa hasi umeoza au umelegea, na hapo betri mpya haitasaidia kitu. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti nene ya staata.

Hatua ya 3: Hita plagi

2L, 3L na 5L huchomea dizeli kwanza kwenye chumba kidogo kilicho kwenye silinda hedi, na chumba hicho hunyonya joto haraka, kwa hiyo plagi zikifa injini inateseka. 4JA1 humwaga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ndiyo maana huvumilia baridi zaidi.

Fungua ufunguo bila kupiga staata na upime umeme kwenye upau unaounganisha plagi. Kama haufiki, shughulika na fyuzi na rilei. Kama unafika, toa upau wote, upime kila plagi peke yake kati ya ncha yake na injini. Nzima husoma takribani omu 0.5 hadi 2 ikiwa baridi. Iliyokufa haisomi kitu. Gusanisha kwanza nyaya za multimita na utoe kiasi zinachosoma zenyewe, la sivyo utaihukumu plagi nzima.

Moja ikifa kati ya nne, gari litawaka likitetemeka na moshi mweupe kwa muda mfupi. Mbili zikifa, huenda lisiwake kabisa. Badilisha zote kwa pamoja, na soma volti zilizoandikwa kwenye ya zamani: baadhi ya mifumo ya volti 12 hutumia plagi za volti pungufu zinazolindwa na kidhibiti chake, na ukichanganya zinaungua upesi. Zifungue injini ikiwa ya vuguvugu ili zisikatikie ndani. Ncha iliyovimba au kuliwa inakuelekeza kwenye nozeli (kifaa kinachopuliza dizeli kwenye silinda) inayodondosha.

Hatua ya 4: Upepo

Kabla ya kupiga staata asubuhi, pampu kwa mkono kitufe kilicho juu ya filta hadi kiwe kigumu. Gari likiwaka papo hapo, umeshaujua ugonjwa: dizeli ilirudi tangini usiku na upepo ukachukua nafasi yake. Likikataa, fungua ufunguo huku ukisikiliza solenoidi ya pampu. Lazima igonge "tak". Isipogonga, pima kama waya wake una umeme.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba huoni tone chini. Kutoka tangini hadi kwenye pampu, dizeli inavutwa, haisukumwi. Tundu dogo kwenye njia hiyo halimwagi dizeli nje, linafyonza hewa ndani. Kwa hiyo usitafute unyevunyevu, tafuta mapovu.

Unganisha ile paipu inayoonyesha ndani kati ya filta na pampu, kisha ulaze gari. Asubuhi itazame kabla ya kugusa ufunguo. Pengo tupu linalopita mara moja na kuisha baada ya injini kuwaka maana yake dizeli inarudi nyuma gari likiwa limelala. Mapovu yasiyokoma injini ikinguruma maana yake kuna tundu linalofyonza muda wote.

Sasa gawa njia vipande viwili. Funga chupa ya dizeli safi kwenye boneti, juu ya usawa wa pampu na mbali na feni na ekzosi. Ingiza humo paipu ya kuvutia na ile ya marejesho, kwa sababu pampu hurudisha dizeli nyingi na chupa ingekauka upesi. Laza gari hivyo. Likiwaka vizuri asubuhi, pampu haina kosa. Tatizo liko kati yake na tangi. Kagua kwa mpangilio huu:

- Kitufe cha kupampia na kiwambo chake cha mpira. Hiki ndicho mkosaji mkubwa.
- Oringi (pete ya mpira) ya kitambuzi cha maji chini ya filta, hasa kama filta imebadilishwa karibuni.
- Washa za shaba za bolti za paipu. Zikishabanwa mara moja, weka mpya.
- Mipira iliyopasuka chini ya klipu. Ivue kabisa ndipo uone nyufa.
- Vipande vya mpira vya marejesho juu ya nozeli.
- Paipu ya chuma kwenye chesisi, pale inapobanwa na vishikizo na kutu hujificha.

Kuna wanaoweka vali ya njia moja wakamaliza. Inazuia dizeli kurudi, ila tundu linabaki na litakua.

Gari likiwaka vizuri lakini likizima baada ya mwendo, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu" ya kufyonza, tundu la kupumulia limeziba.

Hatua ya 5: Kutoa upepo

Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kichwa cha filta, pampu hadi dizeli itoke bila povu, kaza, endelea kupampu hadi kitufe kigome. Injini isipowaka, legeza nusu mzunguko nati za paipu mbili za nozeli (nyingi ni namba 17), piga staata hadi dizeli itoke kwa kuruka, kisha kaza. Weka kitambaa juu yake na usiguse kwa mkono. Dizeli ya shinikizo hupenya ngozi, na jeraha dogo hivyo ni la kukimbilia hospitali.

Hatua ya 6: Nozeli, na mwisho pampu

Injini ikiwa kwenye silensa (ikinguruma bila kukanyaga mafuta), legeza nati ya paipu moja ya nozeli kwa zamu. Mngurumo usipobadilika, silinda hiyo haifanyi kazi. Moshi ukikatika ulipolegeza, nozeli hiyo inadondosha. Kabla ya kununua nyingine pima kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda), maana vali inayovuja hutoa dalili zilezile.

Pampu ishukiwe ikiwa jaribio la chupa limeshindwa na yote yaliyotangulia ni mazima, au ikiwa oili ya injini inapanda kwenye kipimo na kunuka dizeli, maana sili ya shafti inaweza kuwa imekufa. Kabla ya kuilegeza, chora kwa patasi mstari unaopita kwenye pampu na kwenye kikalio chake. Bila alama hiyo taiming (wakati wa pampu kumwaga dizeli) inapotea, na gari litarudi na moshi ambao halikuwa nao.

Matunzo

Fungua kizibo cha chini cha filta kila wiki mbili, acha maji yatoke hadi ije dizeli tupu. Filta ibadilishwe kati ya kilomita 10,000 na 20,000, mapema zaidi kama dizeli unayopata ni chafu. Usiijaze kwa kumimina kwenye tundu la katikati. Huo ni upande wa dizeli iliyochujwa, na uchafu utakaoingia hapo utaenda moja kwa moja kwenye pampu. Paka oringi dizeli, kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa, kisha jaza kwa kupampu.

Oili ya 15W-40 ya injini za dizeli ibadilishwe kila kilomita 5,000. Kuwa nyeusi siku chache baadaye ni kawaida. TD27 huendesha taiming ya vali kwa gia, haina mkanda. 2L, 3L na 5L zina mkanda unaobadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa, kwa sababu ukikatika vali hugongana na pistoni.